Kikohozi cha Mama Mkwe

Mama mkwe alianza kukohoa Jumatatu asubuhi, wakati mkwe wake anakata maua. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, cha mara mbili, kama cha mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kabisa kwamba wenyewe wamo ndani. Bwana Orodha aliinua kichwa kutoka kwenye majani ya maboga, akamwona mama ametulia kwenye kigoda chake upenuni, akampa pole ya vumbi, akainama tena. Mama akakohoa. Ua lingine likadondoka ndani ya ndoo.

Kufikia Jumatano kikohozi kilikuwa kimekolea. Kila Bwana Orodha aliponyoosha mkono kwenye ua, upenuni kulisikika koh, koh. Mkono ukirudi nyuma, kifua kinapona papo hapo. Mtu mwingine angejiuliza kifua gani hiki kinachofuata mkono wa mtu. Bwana Orodha alikuwa na masikio mawili mazima, ila yalizoea kengele ya kiwanda, hayakuzoea vikohozi vya akina mama. Alinawa mikono, akatembea hadi duka la dawa la njia panda, akarudi na chupa ya dawa ya kikohozi, ile nyekundu, nzito kama asali. Alimkabidhi mama kwa mikono miwili pamoja na maelekezo: vijiko viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, na asikae upande unakotoka upepo. Mama aliipokea kwa mikono miwili vilevile, akaitazama chupa, akamtazama mkwe, akasema ahsante baba. Na kwa kuwa ni mwanamke wa adabu zake, akanywa.

Hilo jina la Bwana Orodha alikuja nalo kutoka mjini kama mtu anavyokuja na kovu. Miaka kumi na minane alikuwa karani wa utumishi kwenye kiwanda cha chupa, na mambo yalipokuwa mabaya, yeye ndiye aliyesimama juu ya ngazi ya bohari kuwasomea watu majina ya wanaopunguzwa. Alisoma vizuri, hakuwahi kukosea jina la mtu. Orodha ya mwisho aliletewa ikiwa na majina thelathini na tisa na mstari wa arobaini mtupu. Alipouliza mstari huo ni wa nani, meneja aliangalia dirishani, akamwambia aandike la kwake. Aliliandika. Kesho yake akapanda ngazi akalisoma pia, la mwisho, kwa sauti ileile.

Ndiyo wakahamia kwenye nusu eka ya ukoo wa mkewe, na nyumba ya vyumba vitatu yenye bati linalovuja upande mmoja na mama mkwe ndani yake. Mkewe alikuwa msusi, ana mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alifunga kibanda chake cha kusukia mjini kwa sharti moja tu: msimu mmoja. Msimu ukizaa wanabaki, usipozaa wanarudi, na asisikie tena habari za hewa safi.

Wiki ya kwanza kabisa, mama alijaribu kumwonyesha mkwe wake jinsi maji yanavyotembea kwenye lile shamba. Bwana Orodha alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamwambia kwamba yeye mama amefanya kazi ya kutosha katika maisha yake, kilimo cha siku hizi kina utaratibu wake, na yeye sasa kazi yake ni kupumzika tu. Alimwambia hivyo kwenye nyumba ya mama, juu ya ardhi ya mama, mama akiwa na jembe mkononi. Mama akaliegemeza jembe ukutani, akavuta kigoda, akapumzika. Mtu mzima haambiwi mara mbili.

Basi Bwana Orodha akalima maboga kama alivyoendesha ofisi. Mashina tisini, kila shina na kigingi chake, kila kigingi na namba yake. Asubuhi alipita na kalamu sikioni na daftari la mahudhurio, akiandika nani kaamka vizuri na nani kalegea. Maua yalipoanza kuchanua aligundua kuna ya aina mbili. Kuna yaliyokaa chini, yamebeba kijiboga cha kijani nyuma yake, ukubwa wa kidole gumba. Na kuna mengine, mengi, marefu, yamesimama juu ya majani na vijiti vyembamba, yamejipamba kwelikweli, kama watu wa ofisini siku bosi hayupo. Nyuma yake hayana kitu. Bwana Orodha aliyachunguza siku mbili nzima, akaandika daftarini: wafanyakazi hewa. Siku ya tatu akaenda na mkasi na ndoo. Alikata yaliyochanua, akakata na machanga yaliyokuwa bado yamefumba, maana kazi nusu nusu hakuijua. Shina la boga lipate chakula chake, hawa wanaokula bure wapumzike.

Na upenuni, koh, koh.

*

Alhamisi ya wiki ya pili, vijiboga vilianza kuanguka. Kwanza viligeuka manjano nchani, halafu vikalegea kama kidole kilichokaa kwenye maji, halafu ukivigusa tu vinabaki mkononi. Bwana Orodha alipita mstari kwa mstari na sinia, akaviokota vyote, akaingia navyo ndani saa ya chakula cha mchana na kuliweka sinia katikati ya meza. Mkewe alisogeza sahani yake pembeni na kumuuliza hiki ni kitu gani.

"Arobaini na tatu," alisema Bwana Orodha. "Hakuna hata kimoja kilichobaki."

Mkewe alikichukua kimoja, akakibonyeza, akakirudisha. Mwanamke yule akinyamaza ujue hesabu inapigwa. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Jumamosi ya wiki inayofuata angekuja kaka yake, ambaye sisi tutamwita Shemeji tu, kwa kuwa hata yeye alipenda cheo kuliko jina. Shemeji alikuwa msimamizi wa jiko kwenye shule ya bweni huko mjini. Alikuwa ameahidi kuja na pikapu aone kwa macho yake: akikuta maboga yameshika, ataliandika jina la nyumba hii kati ya wanaoiletea shule chakula, muhula hadi muhula. Akikuta majani matupu, pikapu hiyohiyo itapakia kitanda na magodoro. Chumba cha uani kwake kipo, na shule inatafuta mtu wa kukaa getini.

Geti lenyewe halikuwa na ubaya, kazi ni kazi. Ubaya ni kwamba nusu ya watu wa kiwanda walikuwa na watoto kwenye ile shule. Kila siku ya kutembelea watoto, Bwana Orodha angesimama pale na daftari la wageni, na wale aliowasomea majina wangepita mbele yake mmoja mmoja, wakijitajia wenyewe. Na Shemeji hakuwa mtu wa kungoja: juzi tu alipiga simu, akasalimia, akauliza hali ya mama, kisha akaulizia saizi ya shati la getini.

Bwana Orodha alianza kutafuta mkosaji. Alituhumu mbegu, akaituhumu mbolea, akamtuhumu mdudu fulani mweusi aliyemwona mara moja na hakumwona tena. Mkewe alimwacha amalize. Macho yake yalikuwa kwa mama, aliyekuwa anakula taratibu kwenye kona yake, kifua kimetulia kama maji ya mtungi.

"Mama," alisema, "leo hukukohoa."

Mama alisema ni kweli, leo yuko salama.

"Na leo wewe umekata maua?" akamgeukia mumewe.

Mumewe alisema hakukata, alikuwa anaokota maiti. Mkewe alinyanyuka, akatoka nje, akarudi na ua moja refu lililokuwa limesahaulika kwenye ndoo, limenyauka, akalichomeka kwenye kikombe katikati ya meza. Akamwambia mumewe anyooshe mkono kama anataka kulikata. Bwana Orodha aliona ni mzaha wa kike, lakini alinyoosha.

Koh, koh, ilisikika konani.

Akarudisha mkono. Kimya. Akanyoosha tena, safari hii polepole, kama mtu anayemchungulia nyoka shimoni. Koh, koh. Mkewe alikaa chini, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanacheza. Bwana Orodha hakujua bado kama analia au anacheka, na yeye mwenyewe pengine hakujua.

Iko heshima inayomtaka mama mkwe asimkemee mkwe wake. Lakini iko na nyingine inayomtaka mkwe ajue wakati wa kushuka. Bwana Orodha aliondoka kwenye kiti chake cha meza, akaenda kuchutama mbele ya kigoda, suruali yake ya kitambaa ikimbana magotini.

"Mama, naomba unieleze."

"Mimi si niliambiwa nipumzike, baba?"

"Uliambiwa, mama. Na aliyekuambia alikuwa mjinga."

Mama aliweka sahani chini. Hakuwa na haraka. Siku kumi alizokuwa anakohoa hakuna aliyemharakisha. "Yale marefu unayoyakata," alisema, "ndiyo madume. Nyuki huanzia kule, anajipaka ule unga wa njano, ndipo anaingia kwa haya yenye kijiboga. Sasa nyuki wa hapa anakuja mikono mitupu. Umefuga shamba zima la wanawali, baba, na mabwana harusi wote umewatia kwenye ndoo."

Bwana Orodha aliuliza kama ni yote, labda yapo ambayo ni hewa kweli. Mama akasema hakuna ua hewa. Mkwe akamuuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakumwambia mapema, mama akamjibu alimwambia kila siku, tena akapewa dawa.

Hapo mkewe ndipo alipoondoa kanga usoni. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Siku ya harusi yetu mjomba alisema nini? Ukipenda boga penda na ua lake. Ukasimama, ukaapa mbele za watu. Kumbe ulikuwa unangoja upate mkasi."

Kicheko kilipoisha, siku zilikuwa bado ni tisa. Madume mapya yasingechanua kabla ya wiki nzima, kwa kuwa mkasi ulipita hadi kwenye machanga. Yakichanua, wiki itakuwa imeisha na Shemeji yuko mlangoni. Mama alifikiri, akasema iko njia, ila si ya mtu mwenye aibu nyingi. Ng'ambo ya kijito, nyuma ya mashine ya kusaga, kuna jalala, na juu ya jalala kuna boga lililojiotea lenyewe, limetambaa hadi kwenye ukuta. Madume pale yamejaa. Mtu angeyachuma alfajiri, akaja akayapaka mwenyewe kwa mkono, ua kwa ua, kabla ya saa tatu, maana jua likiwa kali yanafumba.

"Mwenyewe ni nani, nikamwombe?" aliuliza Bwana Orodha.

"Mama Mashine," alisema mkewe, na kicheko kikamrudia.

*

Mama Mashine alikuwa mwanamke mnene, mweupe kwa unga hadi kwenye kope, na alikuwa na tabia ya kufungua kabla jogoo hajamaliza kuwika. Bwana Orodha alipofika na kopo lake, foleni ya wanawake ilikuwa tayari imejipanga na mabeseni ya mahindi, na mashine inaunguruma kiasi kwamba meno yanacheza mdomoni. Aliona afadhali. Katika kelele ile angemnong'oneza mwenye mashine sikioni, apewe, aondoke, na dunia isijue.

Alinong'ona. Mama Mashine akaonyesha sikio kwamba hakusikia. Alisema kwa sauti ya kawaida. Akaonyesha sikio tena. Akapandisha, na akapandisha tena, na alipovuta pumzi yote aliyokuwa nayo kifuani, Mama Mashine alishusha mkono kwenye swichi.

"Naomba madume," sauti ya Bwana Orodha ilisikika ng'ambo ya kijito.

Foleni yote iligeuka. Unga uliokuwa hewani ulishuka polepole, kama nao umesimama kusikiliza. Mama Mashine alijifuta mikono, akamuuliza ni madume ya nini, akaambiwa ni ya boga, yale maua marefu. Akauliza kwani nyumbani kwake hayapo, mbona anasikia ana mashina tisini yenye namba kama nyumba za serikali. Bwana Orodha alisema yalikuwepo. Akaulizwa yamekwenda wapi.

Angeweza kudanganya. Mbuzi wangelaumiwa, na mbuzi hawana pa kujitetea. Lakini alikuwa amesimama mbele ya foleni ya watu, na kusimama mbele ya watu na kusema jambo baya kwa sauti ya wazi ndiyo kazi pekee aliyoijua vizuri.

"Niliyakata," alisema. "Niliona hayazai."

Kisha mwanamke mmoja wa katikati ya foleni akasogeza beseni lake kichwani, akasema kama ni hivyo angeanzia nyumbani kwake, maana kuna moja pale limejinyoosha kitandani mpaka saa hizi. Foleni ilikufa kwa kicheko. Mmoja alilazimika kutua mahindi. Mwingine akataka kujua kama Bwana Orodha anaazimisha mkasi. Mama Mashine ndiye aliyecheka zaidi ya wote, na alipocheka unga ulimdondoka kama ukuta wa zamani.

"Haya, mshenga," alisema alipopata pumzi. "Unakuja kuposa na kopo la maziwa. Leo nakupa kumi, na kesho utakuja mwenyewe, usinitumie mama mkwe. Posa haiendi kwa miguu ya mkwe."

Alimpeleka nyuma ya jengo yeye mwenyewe. Jalala lilinuka maganda na moto wa jana. Boga lilikuwa limelifunika kama shuka, na juu yake madume yamesimama, ya njano, yamefunguka, yana umande ndani. Bwana Orodha aliyahesabu kwa macho, akakuta hawezi kuyahesabu. Hakuna aliyeyapanda, hakuna aliyeyapa namba. Akachuma kumi kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayetoa mayai chini ya kuku. Aliporudi mbele, foleni ilimpisha njia kama bwana harusi mwenyewe.

*

Mama alikuwa amehamisha kigoda. Hakikuwa tena upenuni. Kilikuwa katikati ya shamba, kati ya shina la arobaini na shina la arobaini na moja, naye amekaa juu yake amekunja kanga kiunoni. Akamwonyesha mara moja tu. Unalimenya dume majani yake ya njano, ibaki ile fimbo yenye unga. Unaingia kwa ua lenye kijiboga, unapaka ndani, huku na huku, kama mtu anayepaka poda mtoto. Dume moja linatosha majike matatu, usibanie na usimwage.

Bwana Orodha alipaka. Mikono yake ilikuwa imezoea kugonga mihuri. Ua la kwanza alilipasua, la pili likamshinda kulipata chini ya majani, la tatu mama akasema hapo sawa. Alitambaa kwa magoti hadi suruali ya kitambaa ikakubali kwamba sasa ni suruali ya shamba. Mkewe alifuata nyuma na nyuzi nyekundu zilizobaki za kusukia, akifunga kila ua lililopakwa, na kwa mdomo wake akiimba nyimbo za harusi, vibaya, kwa makusudi.

Ikawa hivyo kila alfajiri. Ijumaa maua kumi, Jumamosi kumi na mawili, Jumapili foleni ikamwimbia kabla hajavuka kijito. Kufikia Jumatatu hakuna aliyemwita tena Bwana Orodha. Walimwita Mshenga, hata watoto wa shule njiani, na yeye akawa anaitika, maana jina lile la zamani halikuwa na mtu aliyewahi kulitaja akicheka.

Siku hiyo ya Jumatatu, akiwa amepiga magoti mbele ya kigingi namba arobaini, aliacha kupaka, akabaki na dume mkononi. Mama alimuuliza kama amechoka. Akasema hapana.

"Miaka kumi na minane nimesoma majina ya watu, mama. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja, wewe hapa unafanya nini."

Mama hakumjibu kwa hekima yoyote. Alimwambia apake, jua linapanda.

Jumanne vijiboga vilivyopakwa Ijumaa vilikuwa bado vya kijani. Aliamka akavitazama kabla ya kunawa uso, na akarudi mchana, na akarudi jioni, mpaka mkewe akamwambia boga nalo lina haya, litanenepaje likiangaliwa. Lakini naye alikuwa anaangalia. Upande mmoja wa nyumba alikuwa ameshafunga vyombo kwenye mashuka kwa kamba, kwa kuwa makubaliano ni makubaliano. Upande wa pili alikuwa anatoka kuchungulia majani mume akiwa kijitoni. Jumatano asubuhi Mshenga aligusa kijiboga chenye uzi kwenye shina la kumi na saba, akangoja kianguke. Hakikuanguka. Akakibonyeza kwa ncha ya kidole. Kilikuwa kigumu, kimekaza, kimevimba kupita jana, kama shavu la mtoto aliyeficha peremende.

Alikaa chini palepale kwenye udongo, akavua kofia, akaiweka juu ya kigingi. Mama kwenye kigoda chake aliona, akageuza uso upande mwingine, ampe mtu nafasi yake.

*

Jumamosi saa nne pikapu iliingia uani ikiwa tupu. Shemeji alishuka na tumbo lake la jikoni na mfuko wa plastiki wenye shati la bluu, bado lina mikunjo ya dukani. Alimsalimia mama, akatazama mizigo iliyofungwa mlangoni, akaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye mambo yanakwenda alivyosema. Kisha akaweka mikono nyuma, akaingia shambani.

Alitembea mstari wa kwanza wima. Mstari wa pili akainama. Wa tatu akafunua majani, akakuta uzi mwekundu, na kwenye uzi boga la ngumi mbili, lenye mistari, limelala kwenye nyasi lilizotandikiwa. Alifunua pengine, akakuta jingine. Aliuliza ni mangapi, Mshenga akasema hadi asubuhi hii sitini na nne, na yanaendelea kushika, maana sasa nyuki wenyewe wamerudi kazini. Ilikuwa kweli. Tangu jana madume ya shamba lile yalikuwa yameanza kuchanua tena, marefu, yamejipamba, na shamba lote linavuma.

Shemeji ni mtu wa jiko, hapendi kukosa la kukosoa. Alisimama mbele ya ua moja refu, akaligeuza kwa kidole, akaangalia nyuma yake. Akasema haya mengine mbona hayana kitu, yanakula mbolea bure tu, angekuwa yeye angeyaondoa. Na mkono ukaenda.

Koh, koh.

Safari hii kilitoka kwa Mshenga. Mama kwenye kigoda akakijibu, koh, koh, na mkewe mlangoni naye akakidaka. Shemeji alirudisha mkono, akawatazama mmoja mmoja, akauliza kama huku kuna mafua. Halafu mkono ukaanza kurudi palepale. Mshenga alivuta pumzi akohoe tena, na hapo akakumbuka kikohozi kilikuwa kimeligharimu kiasi gani shamba lile.

"Shemeji, toa mkono," alisema. "Hilo ndilo dume. Ukilikata, muhula ujao wanafunzi watakula majani."

Akamweleza yote. Hakungoja mkewe amsimulie kaka yake. Alijisomea mwenyewe, kuanzia mkasi, ndoo, dawa ya kikohozi, hadi swichi ya Mama Mashine na maneno yaliyoruka hadi ng'ambo ya kijito. Shemeji alicheka mpaka akaenda kuliegemea pikapu, akipiga bati kwa kiganja. Alipomaliza alijifuta macho, akatoa kitabu chake cha jikoni mfukoni na kalamu, akafungua ukurasa, akauliza aandike jina gani.

Mshenga aliutazama ule mstari mtupu. Ulikuwa mstari wa kawaida, wa bluu.

"La mama kwanza," alisema. "Langu liwe chini yake."

Shemeji aliandika. Mkewe hakusubiri wino ukauke. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye mizigo, anafungua mafundo kwa meno, na ile kamba ndefu akaenda kuifunga kati ya nguzo mbili za upenu, akaanika mashuka yaleyale. Shati la bluu lilimtosha Mshenga vizuri sana. Alilivaa hapohapo juu ya lile lililochanika, akarudi nalo kwenye mashina.

Pikapu iliondoka kama ilivyokuja, tupu, isipokuwa kitabu kimoja mfukoni mwa dereva. Kabla haijavuka mlango wa ua, mama aliisimamisha kwa mkono, akainama dirishani.

"Ukija tena, mwanangu, niletee ile dawa nyekundu. Yangu imeisha."

Shemeji alizima injini, uso umeingia wasiwasi, akamuuliza kwani kifua bado kinamsumbua.

"Kifua changu hakina kitu," alisema mama. "Ni tamu tu."